Picha Yako Nimeigeuza Kila Upande

Mwihoko, jioni ya kuamkia safari yako

Mami,

Uko kwa Mama Shiro unasukwa, na umenitumia ujumbe nisikungojee kwa chakula kwa sababu rasta ulizochagua ni nyembamba na mikono ya Mama Shiro imeanza kuchoka. Ni sawa. Huko Uarabuni sijui kama utapata mtu wa kukusuka, na mimi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu bila wewe kunichungulia begani ukisema, "Mum, hiyo ni love letter ama?"

Sitakuandikia juu ya sweta, wala pasipoti, wala namba za simu. Hayo akina mama wa kanisa wamekwambia mpaka masikio yako yamechoka, na mjomba wako Kariuki amerudia yote tena, maana yeye akishika neno haliachi. Nataka kukuandikia juu ya picha yako. Ile skani ya kifua uliyopigwa Thika, ambayo ripoti yake inasema ni kovu la zamani na kwamba wewe ni mzima wa kusafiri. Mami, siamini kuwa ni kovu. Nimeigeuza kila upande na bado siamini. Nimekaa na neno hili tangu ripoti itoke, hakuna mtu wa ukoo wetu anayelijua, na kesho asubuhi unaondoka.

Basi nimeliandika. Najua utakachosema ukisoma: mama amepata mbinu ya kunizuia. Ungekuwa na haki. Nilikuzuia kwenda bweni mwaka mzima kwa sababu niliogopa kulala peke yangu, nikakwambia ni karo. Nilikuzuia kucheza voliboli nikasema ni goti lako, kumbe nilimwogopa yule kocha alivyokutazama. Mama aliyezoea kutoa sababu za uongo, siku akiwa na sababu ya kweli hana jinsi ya kuaminika. Ndiyo maana nataka nikueleze kwa utaratibu.

Nakuita Mami tangu uzaliwe na umezoea, lakini huko uendako watakuuliza kwa nini mama yako anakuita mama. Waambie mimi sikuolewa, kwa hiyo jina la kwanza halikwenda upande wa baba yako, lilikuja kwetu, na mimi nikamzaa mama yangu upya. Wangui wa kwanza, nyanya yako uliyerithi jina lake, hukumjua. Aliishi Gatuanyaga, akafuga mbuzi, na alikohoa kipindi kirefu mno. Sisi watoto wake wote tulikubaliana kwamba ni vumbi. Na vumbi la Gatuanyaga unalijua, pikipiki moja ikipita unafua nguo upya. Kariuki alisema ni vumbi, mimi nikasema ni vumbi, yeye mwenyewe akasema ni vumbi. Hakupigwa picha hata moja. Tulipomzika ndipo nilipoanza kujiuliza.

Wewe nawe unakohoa asubuhi. Unasema ni vumbi la Mwihoko.

Sasa, ile skani. Ajenti wa kazi za Uarabuni aliwapeleka wasichana wote kupimwa, wewe picha ya kwanza ikaonyesha kivuli, wakasema lazima urudi na skani kubwa, ile ya kulala ndani ya mashine ya duara. Tukaenda Thika mimi na wewe. Msichana wa mapokezi alikuwa mchangamfu, akakutumia linki kwenye simu, akasema, "Picha zenu ziko kwa klaudi, mum. Mnaweza ziona mkiwa popote, hata hiyo ya 3D unaizungusha tu na kidole." Ukaifungua tukiwa bado kwenye benchi. Ukaona mbavu zako zikielea gizani, ukacheka ukasema, "Cheki, mum, mimi ni choma ya Sunday." Na mimi nikacheka. Ripoti ilikuja haraka, kabla hatujamaliza chai kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara. Kovu la zamani. Mzima. Ukanikumbatia pale hotelini mpaka wenye hoteli wakageuka kutazama.

Hukuifungua tena ile linki. Mimi nilijitumia kutoka simu yako, nikaifungua.

Unakumbuka ile kazi yangu ya kuchora, ingawa wewe ulikuwa bweni na uliiona likizo tu, laptopu iko juu ya meza ya kukatia sukuma. Wewe uliwaambia wenzako mama yako anafanya kazi ya hospitali, nami sikukusahihisha. Ilikuwa hivi. Kampuni fulani ya mbali ilikuwa na picha za vifua vya watu, watu wa nchi tusizoambiwa, na picha hizo hazikuja kwetu kamwe. Zilikaa huko kwenye kompyuta zao, sisi tukazitazama kupitia intaneti na kuchora laini kuzunguka kila kitu kisicho cha kawaida. Hapa kovu, hapa donge, hapa sijui. Michoro yetu ndiyo iliyofundisha mashine ili baadaye mashine isome yenyewe. Mtu mmoja alikuja amekatwa vipande kama mkate wa slesi, na sisi tulichora slesi baada ya slesi mpaka mtu akaisha.

Kulikuwa na kitufe pembeni. Ukikibonyeza, slesi zote zinaungana, unapata kifua kizima cha mtu, unakizungusha upendavyo. Lakini kitufe hicho kilikula bando vibaya sana, maana kazi yote ya kuunganisha ilifanyika huko mbali na kushushwa kwako kila ulipogusa. Ungelichora siku nzima kwa bando ambalo kitufe kilimaliza kwa picha chache. Kwa hiyo wanawake wa Mwihoko hatukukibonyeza. Tulitazama slesi, basi.

Isipokuwa Nabwire. Nabwire unamkumbuka, yule mama kutoka Busia aliyekaa mlango wa tatu, aliyekuwa akikuletea samaki wa kukaushwa akisema sisi Wakikuyu hatujui chakula. Yeye alikibonyeza. Alinunua bando kwa pesa ya mboga, akala ugali kwa chumvi, akageuza kila picha. Ndiye aliyenifundisha. Alisema kovu ni kama chapati: ukilitazama kwa juu ni duara kubwa la kutisha, lakini ukiligeuza ubavu linakuwa mstari. Donge ni kama kiazi. Ligeuze kushoto, kulia, kichwa chini, linabaki kiazi. Kwenye slesi moja havitofautiani. Alinionyesha akiwa na chapati ya kweli mkononi, kisha akaila.

Nataka nikueleze nilichomfanyia Nabwire, na si kwa sababu nataka unionee huruma. Ni kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini nilinyamaza siku ya kukuaga kule Gatuanyaga.

Kila picha walipewa watu kadhaa, kila mmoja kivyake. Jibu lako likitofautiana na la wenzako, maksi zako zinashuka, na maksi zikishuka kazi inapungua. Mama Shiro aliacha saluni akajiunga, wengine wa chama chetu cha akina mama wakajiunga, tukawa kundi zima hapa ploti na ploti za jirani. Na sisi tulifanya yale tunayoyajua. Tulifungua grupu kwenye simu. Mtu anatuma: "Wamama, hii ya saa hii tunasema nini?" Tunajadiliana, tunakubaliana, kila mtu anaandika jibu moja. Mami, hatukuona kuwa ni udanganyifu hata kidogo. Tungeonaje? Toka tukiwa wasichana tumefundishwa kwamba watu hawatoki kikaoni na sauti mbili. Mahari inajadiliwa hivyo, harambee hivyo, kamati ya kanisa hivyo. Anayetoka akisema mimi niliona tofauti ndiye mchonganishi. Asubuhi tulianza kwa maombi kwenye lile grupu, tukimwombea mgonjwa tusiyemjua, kisha tukakubaliana ana nini. Maksi zetu zilipanda zote pamoja. Tulimsifu Mungu.

Siku moja ilikuja picha ya mtu mwenye doa juu upande wa kulia. Wote tukasema kovu. Nabwire akaandika: "Si kovu. Mimi nimeigeuza."

Nikamwandikia, "Nabwire, wengi wape. Unatushushia maksi."

"Mama Wangui, nyinyi hamjaigeuza. Igeuzeni tu mara moja mnione kama nadanganya."

Ningeigeuza. Bando nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa ndiye msimamizi wa grupu, na wote walikuwa wanasoma, na kila dakika tuliyobishana ilikuwa picha ambayo hatujachora. Nikaandika, "Kwani umekuwa daktari lini?" Watu wakaweka vile vikaragosi vya kucheka na machozi, safu nzima. Halafu mimi, kwa kidole changu hiki kinachoshika kalamu, nikamtoa kwenye grupu.

Alipobaki peke yake, kila jibu lake likawa tofauti na letu, na kwa hesabu ya mashine yeye ndiye aliyekuwa anakosea. Kazi yake ikakauka. Akahama Mwihoko akaenda Kiandutu, na wewe ulipouliza likizo iliyofuata samaki wako wako wapi, nilikwambia amerudi kwao. Baadaye nasi tulifungiwa. Barua pepe moja, fupi, kwamba majibu yetu yanafanana kupita kiasi na akaunti zimefungwa. Mama Shiro aliisoma kwa sauti mara mbili hapa sebuleni kisha akasema, "Yaani tumefutwa kwa kupatana? Ngai, hii dunia." Tukacheka sana siku hiyo. Sikujua kuwa nitaacha kucheka.

Yule mwenye doa la kulia simjui. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke, sijui kama yu hai. Wala sijui kama ile mashine tuliyoifundisha ndiyo inayosoma picha popote pale. Nilipompigia yule msichana wa mapokezi Thika nikamwuliza nani aliyeisoma picha yako, alisema bila wasiwasi wowote, "Inasomwa na system kwanza, mum, halafu daktari ana-confirm." System gani? Hakujua, na kwa nini angejua? Ziko nyingi, na hatukuwa sisi tu tuliochora. Huenda kazi yetu yote ilitupwa siku ile walipotufungia. Najiambia hivyo. Lakini nikikaa peke yangu namwona yule daktari, mtu mchovu mwenye picha nyingi za kusoma, anaona mashine imeandika kovu, naye anaandika kovu, maana na yeye hataki kuwa wa kutofautiana.

Picha yako, basi. Doa liko juu, upande wa kulia. Nilianza na slesi kama nilivyozoea na kwenye slesi ni kovu, hata mimi ningelichora kovu. Kisha nikabonyeza kuizungusha. Nimelizungusha kutoka nyuma ya mgongo wako, kutoka shingoni, kutoka chini ya mbavu. Mami, haliwi mstari. Linabaki kiazi. Na lina nyuzi ndogo zinazoshika pembeni, jambo ambalo mwalimu wetu wa kwenye video alisema tukiliona tusikimbilie kuandika. Mimi si daktari. Nilimcheka mtu kwa neno hilo, kwa hiyo nalijua uzito wake. Naweza kuwa nimekosea, na mtu mwenye hofu huona anachokiogopa. Lakini hivyo ndivyo nilivyoona, na ukiniuliza leo nichore, ningechora donge.

Jumapili ile ya kukuaga Gatuanyaga nilikuwa nimekwisha kuiona. Nataka ujue hivyo. Nilipokuwa nagawa chai, nilikuwa nimekwisha kuiona. Mjomba wako alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa, yule wa pekee, na alisimama pale mbele ya watu akiwa na suti ya harusi yake, ameivaa kwa shida. Mchungaji akaomba. Watu wakatoa walichotoa. Halafu Kariuki akasema, "Sasa huyu msichana ni wetu sote. Kuna mtu ako na neno lingine kabla tufunge?" Akatazama huku na huku, na macho yake yakanifikia. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka na binamu zako, unawaonyesha kwenye simu ghorofa za huko. Nikasema, "Sina. Ni shukrani tu."

Nimejaribu kujiuliza ni kwa nini, na kila nikijiuliza napata jibu jingine baya kuliko la kwanza. Niliogopa aibu, hilo lipo. Niliogopa Kariuki, ng'ombe wake, suti yake. Lakini kubwa zaidi ni kwamba nilipiga hesabu. Nikisema, safari inakufa pale pale, kwa sababu ajenti hampeleki mtu mwenye neno. Halafu tunafanya nini? Tunakwenda Nairobi kusomewa picha mara ya pili, na wakikubaliana nami wanataka kukata kipande wapime, na wakipata ni lile jambo, saratani, kuna dawa ambazo hata kuziuliza bei tunaona haya. Umeona akina nani hapa Mwihoko waliopona hilo? Tumechangia wangapi? Tulichanga, tukachanga, kisha tukachangia jeneza. Ukibaki tutajua, na hatutakuwa na la kufanya. Ukienda hutajua, ila utakuwa na mshahara, na kicheko chako kwa muda. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga nikiwa nimeshika birika. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwanawe.

Wiki hii nilikwenda Kiandutu. Nilikwambia nakwenda kununua kitambaa. Niliuliza kwa muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja akanionyesha chumba cha mabati karibu na mtaro. Nabwire alikuwa anafulia watu, amezungukwa na mashuka, mikono imeparara. Hakuonyesha kushangaa. Alifuta kiti cha plastiki kwa kanga, akasema, "Karibu, Mama Wangui. Chai sina, lakini maji iko."

Sikuwa na uso wa kuzungusha maneno. Nilimwomba msamaha vibaya vibaya, kama mtu anayelipa nauli huku akishuka. Akasikiliza. Akasema, "Hiyo ilipita. Umekuja na nini?" Nikampa simu.

Alikausha vidole kwanza. Alipotelezesha kidole cha kwanza kwenye kioo niliona kwamba hajasahau. Aliigeuza kwa nyuma, akaigeuza kwa juu, akakaa sana na upande mmoja. Bando langu likawa linayeyuka na sikujali. Kisha akaona jina lako pale pembeni. Akanitazama.

"Ni mtoto?"

"Ni yeye. Anasafiri."

Akanirudishia simu polepole, ameishika kwa mikono yote miwili. Akasema, "Na nikikwambia ni kiazi, utafanya nini?"

Watoto walikuwa wakipiga kelele mtaroni, na yeye akangoja, hakunisaidia, na sikumlaumu. Mwishowe akasema, "Basi usiniulize, dada yangu. Mimi nilishasema mara moja." Akarudi kwenye mashuka yake. Nilipoondoka akanipa samaki wa kukaushwa, wamefungwa kwenye karatasi, akasema ni wako. Uliwala juzi. Ulisema ni wazuri na hukuuliza nimewapata wapi.

Sasa nikwambie nini? Kina mama wengine wakiandika barua kama hizi huwa wamefika mahali, wana neno la kumpa mtoto. Mimi nimezunguka tu. Ningekuwa na moja la kukuachia ni kwamba ukiona tofauti na watu, usingoje mpaka uwe na uhakika ndipo useme, kwa sababu uhakika hauji. Nabwire hakuwa na uhakika. Alikuwa ameigeuza tu. Lakini nakupa hili huku nikijua mimi mwenyewe sikuliweza, na ushauri wa mtu wa namna hiyo una thamani gani, utaamua wewe.

Ukifika, na ukipata siku ya mapumziko, na kama hawajakunyang'anya simu, tafuta kliniki. Usimwambie mwajiri. Mwambie daktari aigeuze. Neno hilo tu, aigeuze, asisome slesi. Ila kuna jambo jingine ambalo lazima nikwambie. Ile linki ina mwisho wake. Wameandika chini kwa herufi ndogo kwamba baada ya muda picha zinafungwa, na kuzifungua tena ni mpaka mtu aende mwenyewe Thika na kitambulisho. Nimejaribu kuzishusha ziingie kwenye simu yangu, zimekataa. Zinaonekana zikiwa huko huko ziliko, hazikubali kutoka. Nimepiga picha ya skrini, nimekutumia. Lakini picha ya skrini haigeuki. Ni slesi moja tu, na kwenye slesi ni kovu. Kwa hiyo ukichelewa utakuwa na picha bapa na neno la mama yako asiye daktari, na sidhani kama kuna mtu huko atakayekusikiliza kwa hilo.

Nakupenda, Wangui. Nikikuita kwa jina utajua nimemaanisha. Nilikuzaa bila mume na bila mpango, na sijawahi kukaa siku moja nikatamani ungekuwa mwingine. Usiku ule ulipozaliwa nilikusikiliza unavyopumua mpaka kukapambazuka, kwa sababu nilidhani nikilala utaacha. Nesi alinicheka. Wiki hii nimekuwa nikifanya hivyo hivyo, umelala pale kitandani na mimi hapa kwenye kochi, nasikiliza.

Geti limelia. Ni wewe, nakusikia ukimwambia mwenye ploti akuone, akuone vizuri, zimefika mpaka kiunoni, na yeye anasema Waarabu watakuoa. Unacheka, halafu unakohoa, halafu unacheka tena.

Nilitaka nikupe barua hii mkononi, uisome umesimama hapa mbele yangu, uniulize unachotaka kuniuliza, uamue mwenyewe kabla gari halijaja. Ni mwili wako. Najua hivyo kabisa. Lakini begi lako liko wazi hapa kando yangu, na mkono wangu umeshaanza kuinua nguo. Naiweka chini kabisa, chini ya viatu vya kanisani, mahali ambapo huwezi kufika mpaka uwe umefika na kupakua kila kitu. Kisha nitakufungulia mlango niseme umependeza, na kweli utakuwa umependeza.

Mama yako